Magurudumu ya Kusukumia

Rula alifika kwenye yadi ya magari yaliyogongwa jua likiwa linashuka, na hasira alikuwa nazo tangu njiani. Picha moja. Picha moja tu ndiyo iliyomtoa ofisini saa ambayo watu wenye akili zao wanafunga mabegi wanakwenda kwao.

"Nataka tairi lionekane limetokeza nje ya madigadi," bosi alikuwa amemwambia, "na tepu ya kupimia juu yake, tarakimu zisomeke. Kesho yule mama anakuja tena. Safari hii namwonyesha, anyamaze."

Rula ni jina alilopewa na wenzake. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima, mrefu, mwembamba, amenyooka kama alivyoitwa, na kazi yake ilikuwa kupima magari yaliyopata ajali na kuandika kama kampuni ilipe au isilipe. Miaka kumi na moja ya kupima, na hakuna siku aliyokubali kuwa amekosea hata milimita. Alikuwa na majivuno, tuseme ukweli. Hata mkewe akipika wali alikuwa anamwambia maji yamezidi.

Sasa huyo mama. Alikuwa fundi cherehani, mtu mzima, futi ya kushonea haimtoki shingoni hata akiwa msibani. Mwanawe alikufa miezi minne nyuma, gari lake dogo lilipoingia uvunguni mwa lori. Walimtoa kwa shida, na hawakuutoa mwili wote. Kuanzia magotini kwenda chini alibaki ndani ya mabati yaliyokunjamana, na kabla hajapatikana mtu wa kukata vyuma, gari lilishavutwa mpaka yadi na kampuni ikalipiga muhuri: kuna mgogoro wa bima, gari ni ushahidi, mtu asiliguse. Mama alizika mwanawe nusu. Nasema hivi wazi ili tusizungushane. Hakuwa anataka hela. Kila alipokuja ofisini aliomba jambo moja tu, gari lifunguliwe amalize kuzika.

Na mgogoro huo uliletwa na nani? Na Rula. Aliandika kwamba gari lilifungwa matairi mapana, milimita mia mbili arobaini na tano, wakati kadi ya gari inasema mia moja tisini na tano. Yametokeza nje ya bodi, sheria ya barabarani hairuhusu, hayakukaguliwa, bima haikujulishwa. Basi bima imekufa na kosa ni la marehemu. Akatia sahihi akaenda kula.

Getini alimkuta mlinzi wa yadi, mzee mkavu mwenye mdomo mchafu.

"Unataka nini saa hizi?"

"Kazi. Picha moja tu."

"Kazi ina saa zake. Lile gari lenu liko kule mwisho, na mimi jua likishuka sifiki kule. Ukichelewa nafunga geti nakuacha humo humo."

"Funga uone."

"Nitafunga, tena kwa kufuli mbili. Na hiyo picha ni ya nini?"

"Ya matairi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Matairi yapi? Yale niliyoyafunga mimi?"

Rula alisimama.

"Lililetwa hapa yote manne yamepasuka," mzee alisema. "Utalisukuma kwa mdomo? Tulifungua magurudumu ya gari jingine, matundu ya nati yakalingana, tukafunga, tukasukuma. Yale ni ya kusukumia tu. Ya marehemu yako nyuma ya kibanda changu, membamba ya kawaida kabisa. Kwani wewe hukuuliza?"

Hakuuliza. Kila mkaguzi akiingia yadi, kabla hajatoa tepu mfukoni, ana swali moja la kuuliza: haya ndiyo ya siku ya ajali? Ni swali ambalo hata anayejifunza kazi analijua. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, Rula alikuwa na haraka, akapima alichokiona akaondoka.

Aliona aibu, na aibu ile ikageuka hasira hapo hapo, maana ndivyo alivyokuwa. Akikiri, leseni yake ya ukaguzi imekwenda. Na nani mwingine anajua? Huyu mzee wa getini. Na nani atamsikiliza mzee wa getini?

"Nyamaza, fanya kazi yako," alimwambia, akaenda kupiga picha yake.

Gari lilikuwa pembeni kabisa, peke yake. Magari mengine yalikuwa yamebanana, lakini kulizunguka lile palikuwa wazi. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Kutu. Mafuta ya breki. Na chini yake harufu nyingine, tamu tamu, ya kukaa kooni. Alipumua kwa mdomo, akapiga goti kwenye gurudumu la nyuma, akanyoosha tepu, akapiga picha yake.

"Mia mbili arobaini na tano," alisema kwa sauti. Yalikuwa mazoea yake.

"Mia moja tisini na tano."

Rula aligeuka. Hakukuwa na mtu.

"Nani?"

Upepo ulipita kwenye mabati, yakalia kidogo, yakatulia.

Ndipo alipoiona miguu. Ilikuwa imetokeza chini ya mlango wa dereva, kuanzia magotini, suruali ya bluu imepakaa udongo, nyayo zimetazama juu. Kama fundi aliyelala chalichali chini ya gari akifungua boksi la gia. Rula alipumua. Mwizi wa vipuri! Hasira ikamrudia, na safari hii aliikaribisha.

"Wewe! Nani amekuruhusu? Gari hili lina muhuri, hujui kusoma?"

"Pima," ilisema sauti ya chini ya gari. Haikupanda wala kushuka.

"Toka hapo!"

"Pima... vizuri."

Rula aliinua kiatu akaupiga ule unyayo teke. Haukushtuka. Miguu ilianza kurudi ndani, polepole, kisigino kikikwaruza udongo. Shii... shii... Mpaka ikaisha.

"Nakusubiri upande wa pili," Rula alisema. "Utatoka tu."

Akazunguka.

Upande wa pili mvua zilikuwa zimelizamisha gari lile. Magurudumu yalikuwa yamemezwa na tope mpaka kwenye rimu, na tumbo la gari lilikuwa limelala ardhini, chuma juu ya udongo, na majani yameota pembeni. Aliinama akajaribu kupitisha tepu. Haikupita. Alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Chini ya gari lile hapakuwa na nafasi ya kupitisha karatasi.

Alikimbia. Mzee alimwona akipita getini mbio, akafunga kufuli zake mbili.

Asubuhi, ofisini, mambo yalikuwa na sura nyingine. Mashine ya chai ilikuwa inachemka, watu wanapigiana kelele za foleni, na Rula alikuwa ameshajiambia kwamba giza lilikuwa linaingia na hakuwa amekula. Mama alikuwa ameketi mbele ya meza ya bosi. Bosi alimsogezea picha.

"Ona mwenyewe, mama. Hatukuonei. Vipimo hivyo hapo."

Mama hakuitazama picha. Alimtazama Rula.

"Ni wewe uliyepima?"

"Ni mimi, mama."

"Haya ndiyo ya siku ya ajali?"

Fikiria. Fundi cherehani, hajawahi kukagua hata baiskeli, na ndilo swali alilouliza. Bosi alikuwa anamtazama Rula. Angeweza kusema palepale, hapana mama, nilikosea, na mchana huo huo mwanamke yule angepata alichokuwa anakililia miezi minne. Neno moja tu lilitakiwa, na ulimi alikuwa nao.

"Ndiyo haya," alisema.

Mama aliinuka, akajitanda khanga yake vizuri.

"Haya. Umesema, mimi nimesikia. Na yeye amesikia."

"Yeye nani?" bosi aliuliza, lakini mama alikuwa ameshafika mlangoni.

Jioni ile Rula alifika nyumbani kungali na mwanga, akaegesha, akaingia kunawa uso. Hata taulo hajalitundika, binti yake wa miaka saba akamwita kutoka dirishani.

"Baba, fundi anatengeneza nini?"

"Fundi gani?"

"Huyo hapo chini ya gari letu."

Alitoka na taulo mkononi. Uani hapakuwa na mtu. Gari lilikuwa limezimwa, funguo anazo mfukoni, lakini kutoka chini yake kulikuwa na sauti, ya tairi linalosugua madigadi wakati gari linakata kona. Shii... shii... Na gari limesimama!

Mwingine angeita majirani. Rula aliona kuwa huo ni utani wa mtu, labda yule mlinzi amemfuata, na akaona nyumbani kwake hachezewi. Aliwasha tochi ya simu, akalala chalichali, akajivuta chini ya gari mpaka kiunoni.

Hakuona kitu. Sampo, lile bakuli la mafuta ya injini, bomba la moshi, tope lililokauka. Sauti nayo ilikuwa imekatika.

Kisha kitu kikamgusa goti.

Kilikuwa chembamba, cha baridi. Kilitulia gotini, kikashuka taratibu juu ya muundi, kikakaza kwenye kisigino. Kama mtu anayepima.

"Acha michezo, rudi ndani kwa mama yako," alimwambia binti yake.

"Niko ndani, baba." Sauti ya mtoto ilitoka mbali, dirishani.

Na karibu na sikio lake, humo humo chini ya gari, mtu akapumua.

"Nimepima."

Alipiga kelele, akagonga uso kwenye chuma, tochi ikazimika. Hakujua ametokaje. Alijikuta ameketi uani, damu inamtiririka puani, na mkewe amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Baba watoto, una akili kweli? Saa nzima umelala chini ya gari, chakula kimepoa, nakuita huitiki!"

Kwa hesabu yake hazikupita dakika mbili. Alitazama juu. Kweli, mwanga ulikuwa umekwisha.

Alfajiri aliamka na uamuzi. Hakuwa amelala, alikuwa ametazama dari na kumwogopea binti yake, maana kitu kile kilikuwa kimesimama hatua kumi kutoka dirishani pake. Leseni iende. Kazi iende. Atasema. Alivaa upesi, suruali ikaburuza nyuma ya visigino, akaikunja mara mbili akidhani amevuta isiyo yake.

"Mbona leo nakuona mfupi?" mkewe alimuuliza, nusu akicheka.

"Mfupi baba yako."

"Baba yangu humfikii hata kidogo."

Garini ilibidi avute kiti mbele, miguu haikufika vizuri kwenye breki. Alidhani binti yake amechezea kiti. Mtu mwenye jambo moja kubwa kichwani hayaoni madogo, na Rula alikuwa na lake moja: aseme, aandike, mama apewe gari lake, na kile kitu kimwachie nyumba yake.

Alimwambia bosi mbele ya watu.

"Yale magurudumu yalikuwa ya kusukumia. Yadi waliyafunga wenyewe. Ya marehemu yalikuwa halali. Nilipima bila kuuliza, na nilipojua, nilinyamaza. Na jana nilimdanganya yule mama hapa hapa."

Bosi alimtazama kama anayetazama uchafu kwenye kiatu. "Unajua unaniambia nini? Tumekataa madai, tumeandika barua tatu, tumemtukana marehemu kwa maandishi! Na wewe unakuja asubuhi na suruali ya kaka yako kuniambia hukuuliza?"

"Naandika barua."

"Andika. Ukimaliza, acha kitambulisho mapokezi, na nisikuone tena humu."

Akaandika. Mwanasheria wa kampuni alipoisoma ile barua, alipata homa. Kabla ya saa sita mchana simu ilishapigwa yadi, muhuri ukatwe, na mama aitwe. Rula naye akaenda. Hakuitwa na mtu. Alitaka mama amwone ametengeneza mambo, amwambie neno moja tu la kumpa nafuu, hata kama ni tusi.

Alasiri walikuwa watano pale mwisho wa yadi. Mkata vyuma na mtungi wake wa gesi. Askari wa usalama barabarani na daftari. Mlinzi, ambaye kwa kuwa jua lilikuwa bado juu alikubali kusogea. Mama, ametoka cherehanini hivyo hivyo, futi shingoni, shuka jeupe limekunjwa kwapani. Na Rula, kando kidogo.

"Mama," alisema, "nimeandika ukweli. Nisamehe."

Mama alimpita, akaenda kusimama karibu na mkata vyuma.

Moto wa bluu uliingia kwenye bati. Ulikata nguzo ya mlango, ukakata dashibodi, ukafuata chini polepole. Mkata vyuma aliuondoa moto pembeni bila kuuzima, akaingiza nondo, akabinua. Bati lilifunguka kwa kilio.

Akarudi nyuma hatua tatu.

"Njooni muone," alisema. "Mimi sielewi."

Miguu ilikuwa humo, yote miwili. Miezi minne ya jua na mvua, na ilikuwa mizima. Haikuwa imevimba wala kukauka. Ngozi ilikuwa na rangi ya mtu aliyelala, na kwenye kifundo, naapa, mshipa ulikuwa unacheza. Ile harufu tamu ilikuwa imetoweka kana kwamba haijawahi kuwepo.

Askari aligeuza uso. Mama hakugeuza. Alitandika shuka, wakamwekea ile miguu juu yake. Alipiga magoti, akaitazama kwa muda mrefu, uso wake ukaanza kubadilika. Akaivua futi shingoni, akainyoosha kutoka goti mpaka kisigino.

"Ishirini na moja," alisema.

Akapima na wa pili. "Ishirini na moja."

"Mama, pole," askari alisema. "Tukuache kidogo?"

"Huyu si mwanangu."

"Mama, ni uchungu tu. Gari ni lake."

"Nisikilize, afande. Mwanangu nimemshonea suruali tangu ana miaka minne. Za shule, za kazi, ya harusi. Goti mpaka kisigino, inchi kumi na saba, haikuongezeka. Alikuwa mfupi, na mimi ndiye niliyekuwa namtania. Hii ni ya mtu mrefu."

Gesi ilikuwa inafoka polepole kwenye mdomo wa bomba. Mama aliinua macho, akawatazama mmoja mmoja, na macho ya fundi cherehani hayatazami uso kwanza. Yalipita kwa askari. Yakapita kwa mlinzi. Yakafika kwenye pindo za suruali ya Rula, zilizokunjwa mara mbili na bado zinaburuza kwenye tope.

Aliinuka. Alimwendea, akapiga goti mbele yake bila kumwomba ruhusa, akaweka ncha ya futi gotini pake.

"Mama, unafanya nini?" Rula alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Mama alivuta futi mpaka kisigino. Akasoma. Akasoma tena.

"Kumi na saba."

Aliiachia futi ikaanguka. Akaupitisha mkono chini ya suruali, akakishika kifundo cha mguu kwa kiganja chote, jinsi mzazi anavyoshika mtoto kutazama kama ana homa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Umenisumbua sana, baba," alinong'ona. Hakuwa anazungumza na Rula.

Rula alitaka kurudi nyuma. Alijituma kwa nguvu zake zote, kiwiliwili kikavuta, mikono ikashika hewa. Magotini kwenda chini hapakuwa na aliyemsikiliza. Alihisi miguu inainuka yenyewe, na kwa hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani, akaona inapiga hatua moja.

Mbele. Kwa mama yake.

Mama alifuta uso kwa ncha ya khanga. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa kavu na imetulia, sauti ya mtu aliyekuja kumaliza kuzika.

"Fundi," alimwambia mkata vyuma bila kugeuka. "Huo moto usiuzime kwanza."